Ngongoti, Mche Uliokaa Ndani

Huyu ni Ndeshi. Ana pengo mbele, mahali jino lilipong'oka.

Anaishi mlimani, katikati ya migomba. Anaishi na Mama, na Bibi, na dada yake Aikande.

Kwao kuna mbuzi. Mbuzi huyo ana ndevu ndefu, kwa hiyo wanamwita Kidevu.

Kidevu hatoki nje. Mlimani kwao mbuzi hukaa bandani. Watu humkatia majani na kumletea. Kidevu anatafuna, nyam, nyam, nyam. Kidevu ananenepa.

Kuna na vifaranga. Vifaranga wanakaa jikoni, kwenye tenga, karibu na moto. Wanaletewa chenga za mahindi. Chwi, chwi, chwi. Nao wananenepa.

Kwa hiyo Ndeshi alikuwa na hakika ya jambo moja.

Kitu kidogo hukaa ndani. Huletewa chakula. Kisha hukua.

*

Siku moja Mama alisia mbegu za nyanya.

Alizisia kwenye kitalu, nyuma ya jiko. Kitalu ni kama kitanda cha mbegu. Udongo wake ni laini, hauna mawe.

Mbegu ya nyanya ni ndogo na bapa. Ina manyoya mafupi mno. Huyaoni mpaka uisogeze karibu na jicho.

Ndeshi aliisogeza karibu na jicho. Aliyaona.

Mama alimpa Ndeshi mbegu moja iwe yake. Akampa na kopo la kuipandia. Kopo lilikuwa limetobolewa chini, ili maji ya ziada yatoke.

Ndeshi alijaza udongo kwenye kopo. Akatoboa shimo kwa kidole, shimo fupi kama ukucha. Akaweka mbegu. Akafunika.

Kisha akasimama akafikiri.

Nje kulikuwa na baridi. Nje kulikuwa na kuku wakubwa wanaochakura. Chaku, chaku, chaku.

Ndeshi akalibeba kopo lake. Akaliingiza stoo. Akaliweka nyuma ya gunia la mahindi, mahali ambapo hata Aikande hachungulii.

Akanong'ona:

"Kaa ndani, mdogo wangu. Nje kuna baridi."

*

Kila asubuhi Ndeshi aliingia stoo na maji kwenye kikombe. Churu, churu, churu. Maji kidogo tu.

Asubuhi moja udongo ulikuwa umepasuka. Katikati ya ufa kulikuwa na kitu kimeinama, cheupe, kama uzi.

Kesho yake uzi ukasimama. Juu yake kulikuwa na majani mawili membamba.

Ndeshi hakumwambia mtu. Alitaka kuwaonyesha siku ya kuhamisha miche, siku ambayo miche yote hutoka kitaluni na kwenda bustanini.

Mche wa Ndeshi ukarefuka. Ukarefuka tena.

Ulikuwa unainama upande mmoja, kuelekea ukutani. Pale ukutani palikuwa na ufa kati ya mbao mbili. Ufa ule uliingiza mwanga kidogo, mwembamba kama utepe.

Ndeshi aliona mche wake unainama. Akadhani unasikiliza kuku.

Alitoka nje akaenda kutazama kitalu cha Mama. Miche ya Mama ilikuwa mifupi. Ilikuwa imechuchumaa tu pale.

Ndeshi alirudi stoo mbio. Alipima mche wake kwa mkono. Ulianzia kwenye ncha ya kidole, ukapita kiganja, ukafika hadi mkononi anapovaa bangili.

Ulikuwa mrefu kuliko miche yote ya Mama.

Wakati wa sikukuu, wacheza ngongoti walikuja shuleni kwa Aikande. Walitembea juu ya miguu ya miti. Vichwa vyao vilifika kwenye paa.

Ndeshi alikumbuka wachezaji wale. Akaupa mche wake jina.

"Kaa ndani, Ngongoti. Nje kuna baridi."

*

Aikande aliuliza mche wa Ndeshi uko wapi.

Ndeshi alisema ni siri.

Aikande alisema labda panya ameshautafuna, na kujisugulia meno kwa majani yake.

Ndeshi alicheka moyoni. Alisema Aikande asubiri tu, ataona.

*

Ikafika wiki ya kutayarisha bustani.

Kwanza walitoa minyanya ya zamani. Ilikuwa imekauka. Ilikuwa imelala chini huku na huku, haina nyanya tena.

Mama aling'oa. Aikande aling'oa. Ndeshi naye akashika mmoja, akavuta.

Mnyanya haukuja.

Ndeshi alivuta tena. Vuuu. Haukuja.

Alichimbia visigino vyake ardhini akavuta kwa nguvu zote. Vuuuuu, pwata! Mnyanya ulikuja, na Ndeshi akakaa chini.

Aikande alicheka mpaka akashika mbavu.

Ndeshi hakujali. Alikuwa anautazama ule mnyanya. Mizizi ilikuwa chini, mahali pake pa kawaida. Lakini kulikuwa na mizizi mingine pia. Ilikuwa imeota ubavuni, kwenye shina, pale liliposhikana na udongo.

Ilikuwa mingi na myeupe, kama mvi za Bibi.

Ndeshi alimpelekea Bibi akamwonyesha. Bibi aliugeuza mnyanya huku na huku. Alisema ndiyo, hiyo nayo ni mizizi. Mnyanya ulilala, ukaona uote mizizi hapo hapo ulipolala.

Kisha Bibi aliutupa kwenye rundo, kwa sababu kazi ilikuwa nyingi.

*

Mama alipiga tuta jipya. Alichanganya udongo na samadi ya Kidevu, ile iliyooza vizuri, ambayo hainuki tena.

Alichimba mashimo kwa mstari. Kati ya shimo na shimo aliacha nafasi ya hatua moja ya Ndeshi. Ndeshi ndiye aliyepiga hizo hatua.

Siku ya kuhamisha miche ilichaguliwa na maji.

Mlimani kwao maji huja kwa mfereji, na mfereji huja kwa zamu. Leo yanaingia kwa jirani, kesho yanaingia kwenu. Zamu ikipita, imepita.

Siku ile maji yalikuwa kwa Baba Elinami, jirani yao wa juu. Akimaliza atapiga mluzi. Fyuuuu! Ukisikia mluzi, fungua mfereji wako, maji yanakuja.

Mama aliwaambia miche yote lazima iwe imeshaingia ardhini kabla maji hayajapita. Mche uliotoka kitaluni hauwezi kulala na kiu.

*

Jua likapungua ukali. Mama alisema saa hizi ni nzuri. Mche ukihamishwa mchana unaungua.

Alimwagia kitalu maji, ili udongo ushikane na mizizi. Kisha akaanza kuchagua.

Mche mfupi wenye shina nene kama kalamu, huu ndio. Mche wenye majani ya kijani kibichi, huu ndio.

Mche mwembamba, hapana. Mche wenye majani yaliyojikunja, hapana.

Miche mizuri ilikuwa mingi. Mama alihesabu mashimo yake, akachukua ya kutosha. Mingine mizuri alishampelekea Baba Elinami.

Ile iliyokataliwa ikawekwa kando, kwenye kivuli. Hiyo ni ya kwenda shimo la mboji, ikaoze na maganda ya ndizi.

Ndeshi aliuliza kwa nini asipewe Kidevu. Mama alisema majani ya nyanya hayamfai mbuzi. Tumbo litamuuma.

Ndeshi akakimbilia stoo.

Alirudi polepole, amelishika kopo kwa mikono miwili. Ngongoti alikuwa anayumba. Huku, kule. Huku, kule.

"Mama, tazama, huyu ni Ngongoti. Wangu ni mrefu kuliko yote."

Mama alitazama.

Ngongoti alikuwa mrefu kweli. Lakini alikuwa mweupe. Shina lake lilikuwa jembamba kama uzi wa kushonea. Majani yake yalikuwa madogo, yana rangi ya maziwa ya chai.

Upepo ukapita. Upepo mdogo tu, wa kupuliza uji.

Ngongoti akaanguka. Kichwa chake kikagusa ukingo wa kopo.

Aikande alicheka akasema kumbe ngongoti amelewa. Mama alimtazama, Aikande akaacha kucheka.

Mama alichuchumaa. Aliuliza kopo lilikuwa wapi siku zote hizi.

Ndeshi alisema lilikuwa stoo, nyuma ya gunia. Alisema nje kuna baridi. Alisema Kidevu anakaa ndani, na vifaranga wanakaa ndani, na wote wananenepa.

Mama hakugomba. Aligusa jani la Ngongoti kwa ncha ya kidole.

"Ulimtunza, mwanangu. Lakini amekosa jua. Amerefuka kwa kulitafuta, nguvu zote zimeishia kwenye urefu. Akisimama bustanini, mvua moja itamvunja."

"Kwa hiyo?" Ndeshi aliuliza.

"Hafai kupandwa."

Mama alilichukua kopo. Aliliweka kwenye kivuli, pamoja na miche iliyokataliwa.

Ndeshi aliendelea kulitazama kopo. Ulimi wake uliingia kwenye lile pengo, ukatoka, ukaingia tena. Hufanya hivyo anapojizuia kulia.

*

Kazi haikumsubiri.

Mama alimpa Ndeshi kijiko cha zamani. Alimwonyesha jinsi ya kuchota mche pamoja na udongo wake, kama mtu anayechota ugali.

Alimfundisha na maneno ya kusema wakati wa kubeba:

"Shika jani, usishike shina.
Polepole, polepole, udongo usidondoke."

Maana jani likichanika, mche utaota jani lingine. Shina likiminywa, hakuna shina la pili.

Ndeshi alichota mche. Aliubeba.

"Shika jani, usishike shina.
Polepole, polepole, udongo usidondoke."

Haukudondoka. Mama aliuweka shimoni. Akarudisha udongo. Akabonyeza kwa vidole, tif, tif, tif, ili hewa isibaki chini.

Ndeshi alirudi kuchukua mwingine. Njiani alipita karibu na kivuli. Alimwona Ngongoti amelaza kichwa kwenye ukingo wa kopo.

"Shika jani, usishike shina.
Polepole, polepole, udongo usidondoke."

Tif, tif, tif.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda anakata maganda makavu ya mgomba. Kras, kras, kras. Kila mche utawekewa ganda, lisimame kama paa dogo. Miche iliyohamishwa ni kama wageni. Siku za kwanza inataka kivuli.

Ndeshi aliwaza. Wageni wote wana paa. Ngongoti hana.

*

Aikande alitaka kumaliza haraka. Alisema yeye hahitaji kijiko, wala maneno ya watoto.

Akashika mche wa mwisho kwa shina. Akavuta.

Tk.

Mche ulikatika katikati. Nusu ilibaki mkononi mwa Aikande. Nusu ilibaki kitaluni.

Mama na Ndeshi waligeuka.

Aikande aliutazama mkono wake. Masikio yalimshuka. Akasema hakukusudia.

Mama alisema anajua. Alisema wataliacha shimo lile wazi. Siku nyingine atamwaga mbegu za mchicha hapo.

Ndeshi alilitazama shimo. Lilikuwa la mwisho kwenye mstari, chini kabisa, karibu na mfereji.

Alilitazama kopo kwenye kivuli. Ngongoti alikuwa amelala.

Amelala.

Ndeshi akakumbuka mnyanya wa zamani. Ule uliomkalisha chini. Ule wenye mvi ubavuni.

"Mama," alisema. "Ngongoti hawezi kusimama."

"Hawezi," Mama alisema.

"Je, akipandwa amelala?"

Mama alikuwa anafuta udongo kwenye jembe. Akaacha.

Ndeshi alieleza haraka, maneno yakigongana. Alisema ule mnyanya wa zamani ulilala chini. Alisema uliota mizizi ubavuni. Bibi aliiona. Ngongoti ana ubavu mrefu. Akilala chini ya udongo, ubavu wote utaota mizizi. Kichwa tu kibaki nje.

Mama alimtazama Bibi.

Bibi aliendelea kukata maganda. Kras, kras. Alisema ni kweli, aliiona hiyo mizizi kwa macho yake.

Mama alimgeukia Ndeshi. Kisha akasema, "Huenda akakubali. Huenda akakataa. Tujaribu."

Na papo hapo, kutoka juu, kwa Baba Elinami:

Fyuuuu!

*

Maji yanakuja.

Aikande alilidaka jembe. Hakusubiri kuambiwa. Shimo la duara halimfai mtu anayelala, akasema, na akalirefusha. Chak, chak, chak. Likawa refu kama kitanda.

Mama alisema lisiwe refu kwenda chini. Chini sana kuna baridi kweli. Liwe refu kwenda mbele.

Aikande akalisawazisha kwa kiganja.

Mama alimtoa Ngongoti kwenye kopo. Alitoa majani ya chini, moja moja, kwa ukucha. Ndeshi alifumba jicho moja. Mama alimwambia majani yakizikwa yanaoza, kwa hiyo yanabaki ya kichwani tu.

Kisha Mama akampa Ndeshi.

"Mlaze mwenyewe. Ni wako."

Ndeshi alimpokea.

"Shika jani, usishike shina.
Polepole, polepole, udongo usidondoke."

Safari hii Aikande naye alisema.

Ndeshi alimlaza Ngongoti kwenye kitanda chake. Mizizi upande huu, kichwa upande ule.

Kichwa kilitaka kulala pia. Mama alisema wasikikunje kwa nguvu. Alikusanya udongo kidogo, akauweka chini ya shingo.

Ule ulikuwa mto wa Ngongoti.

Ndeshi alimfunika. Alifunika mizizi, akafunika shina lote, taratibu, hadi shingoni. Tif, tif, tif.

Mama alichomeka kijiti pembeni, upande ambao shina halikulala, kiwe alama, mtu asije akachimba alipolala akamchoma.

Sasa Ngongoti alikuwa mfupi kuliko miche yote. Majani machache tu juu ya udongo.

Aikande alisema ngongoti amevua miguu.

Ndeshi alicheka. Hata Mama alicheka.

Na maji yakafika. Chururururu! Yalikimbia kwenye mfereji, yamebeba majani makavu na povu. Mama alifungua njia kwa jembe. Ndeshi na Aikande walichota kwa makopo, wakanywesha kila mche. Churu kwa huyu. Churu kwa huyu. Churu kwa Ngongoti.

Bibi alileta ganda la mgomba la mwisho. Ngongoti akapata paa.

*

Jioni ile Ndeshi alikula kidogo. Alikuwa anatazama mlango.

Nje kulikuwa na baridi. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka juu, unapita kwenye migomba.

Ndeshi alimwuliza Bibi kama wanaweza kumleta Ngongoti ndani, kwa leo tu, halafu asubuhi wakamrudisha.

Bibi alimvuta akamkalisha karibu na moto, kando ya tenga la vifaranga.

"Kidevu anakula majani. Nani anamletea?"

"Sisi," Ndeshi alisema.

"Vifaranga wanakula chenga. Nani anawaletea?"

"Mimi."

"Na Ngongoti anakula jua. Nani atalibeba jua kwenye sahani mpaka stoo?"

Ndeshi alifikiri. Alifikiria sahani ya bati, na jua juu yake, likimwagika njiani.

"Hakuna," alisema.

"Basi mwache alipo chakula chake."

*

Asubuhi Ndeshi alitoka kabla ya chai. Alichungulia chini ya ganda la mgomba.

Ngongoti alikuwa amelaza kichwa kwenye mto. Hakuinuka.

Miche mingine pia ilikuwa imelegea. Mama alisema ni kawaida. Wageni huchoka na safari.

Asubuhi nyingine, miche ya Mama ilisimama. Mmoja, na mwingine, na mwingine. Mstari wote.

Ngongoti hakuinuka.

Jani lake moja likawa la njano. Likaanguka.

Ndeshi alimwomba Mama wamchimbue kidogo tu, waone kama mizizi imeota. Mama alisema hapana. Kila ukimchimbua, anaanza upya. Kazi yake sasa ni kumnywesha na kusubiri.

Ndeshi hapendi kusubiri. Lakini alisubiri.

Alimletea maji. Churu, churu, churu. Kisha akakaa juu ya jiwe, akasubiri tena.

Aikande alikuja akakaa naye kwenye jiwe lile lile. Hakutania. Alisema kama Ngongoti atakufa, yeye atampa Ndeshi mche wowote anaoutaka.

Ndeshi alisema anamtaka Ngongoti.

*

Siku zikapita.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa mwingi. Ndeshi alipapasa njia hadi mwisho wa mstari. Akainua ganda la mgomba.

Kichwa hakikuwa kwenye mto.

Kilikuwa juu. Kilikuwa kimeinuka kidogo, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa. Na pale katikati, kati ya majani ya zamani, palikuwa na jani jipya.

Lilikuwa dogo kuliko ukucha wa Ndeshi. Lilikuwa la kijani. Kijani kabisa.

Ndeshi hakupiga kelele. Alichuchumaa akaangalia vizuri, kwanza kwa jicho moja, halafu kwa yote mawili. Jani lilikuwepo.

Ndipo akaenda kumwamsha Aikande.

*

Jua likawaka. Mvua ikanyunya. Mama akaondoa maganda ya mgomba, kwa sababu wageni walikuwa wameshakuwa wenyeji.

Ngongoti akaota jani lingine, na lingine. Shina lake jipya halikuwa kama uzi. Lilikuwa nene, lina manyoya mafupi. Ukiligusa, vidole vinanuka nyanya.

Upepo ulipita. Upepo mkubwa, wa kuangusha nguo kwenye kamba.

Ngongoti alitikisika. Hakuanguka.

Ndeshi alitaka kujua jambo moja tu. Alimwomba Mama ruhusa. Mama alisema sawa, lakini kidogo sana.

Ndeshi alinyoosha mkono. Alishika jani, hakushika shina.

Akavuta polepole, polepole.

Ngongoti hakuja.

Chini ya udongo, ubavu wote mrefu, alikuwa ameshika.

Ndeshi akamwachia. Akamtengenezea udongo vizuri shingoni. Tif, tif, tif.

*

Jioni ikafika. Kidevu alikuwa bandani kwake, nyam, nyam. Vifaranga walikuwa kwenye tenga lao, chwi, chwi. Mama alifunga mlango wa jiko.

Ndeshi alipanda kitandani. Aikande alikuwa ameshalala, amechukua nafasi kubwa kama kawaida yake.

Ndeshi alinyoosha miguu, yote miwili. Akaweka kichwa kwenye mto. Bibi akamfunika blanketi. Alifunika miguu, akafunika tumbo, akafunika mabega, hadi shingoni.

Kichwa tu kikabaki nje.

"Bibi," Ndeshi alisema, "nimelala kama Ngongoti."

Bibi alisema anaona. Akabonyeza blanketi pembeni. Tif, tif, tif.

Nje ukungu ulipita polepole juu ya bustani. Mwisho wa mstari, karibu na mfereji, majani machache yalikuwa yanangoja asubuhi.

Ndeshi alifumba macho. Akanong'ona kuelekea dirishani:

"Kaa nje, Ngongoti. Kesho kuna jua."